Ukuta wa Rangi

Ukuta wa rangi hauzuii hata kuku. Tuanzie hapo, kwa sababu uzuri wote wa mizingile inayochorwa kwenye bustani za umma umelala hapo. Mtu anachukua ndoo ya rangi na brashi, anachora chini duara kubwa lenye njia moja inayojikunja na kujikunjua mpaka katikati, halafu anawaachia watu watembee. Hakuna geti, hakuna tiketi. Ukichoka njiani unaweza kukanyaga laini zote ukatoka moja kwa moja, na hakuna wa kukuuliza. Lakini simama kando utazame: watu hawazikanyagi. Mtu mzima, na suti yake na simu mkononi, anafuata mkunjo baada ya mkunjo kana kwamba pande zote mbili kuna ukuta wa mawe.

Mizingile hii imeenea katika miji ya Marekani, Kanada na Ulaya kwa zaidi ya miaka thelathini sasa. Imepakwa kwenye sakafu za bustani, viwanja vya shule na nyua za hospitali. Ina hata siku yake ya dunia, Jumamosi ya kwanza ya Mei, ambapo watu hutembea saa saba mchana, kila mtu kwa saa za kwao. Mimi naona ni sanaa kubwa kuliko inavyosifiwa, na tena inasifiwa kwa sababu isiyo yake. Wanaoipigia debe wanasema inatuliza akili. Sawa, huenda inatuliza. Lakini kazi yake ya kwanza ni nyingine: inampa mtu ruhusa ya kutembea hadharani bila kwenda popote. Kwa sisi tunaoishi Nairobi, hiyo si stori ndogo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kiswahili kina lake, zee na tamu: mzingile mwambiji. Linatumika kwa njia zenye kutatiza na pia kwa fumbo. Euphrase Kezilahabi alichukua nusu ya kwanza akaifanya jina la riwaya, Mzingile, iliyotoka mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya Nagona. Ukizisoma hizo mbili unaijua hali ya kuingia mahali bila kupewa ramani, ambapo hadithi inakuzungusha badala ya kukupeleka mbele.

Shida ni kwamba neno hili linabeba vitu viwili. Kuna mzingile wa kukupoteza, wenye njia panda nyingi ambazo baadhi zinaishia ukutani. Huo ni mtihani, na unaweza kuufeli. Halafu kuna mzingile wa njia moja, usio na njia panda hata moja. Humo huwezi kupotea hata ukitaka. Unachodaiwa ni kuendelea tu. Wachoraji wa bustani huchora huu wa pili, na kuanzia hapa nikisema mzingile namaanisha huo.

Mtu akisikia "njia moja" anadhani utakuwa unaboesha. Kwani kuna nini cha kutafuta ikiwa huwezi kukosea? Jibu liko kwenye mpangilio. Chukua mchoro wa kale, ule wa mizunguko saba uliopigwa hata kwenye sarafu za Knossos kisiwani Krete. Ihesabu mizunguko kutoka nje kwenda ndani. Ukiingia, njia haikupeleki kwenye mzunguko wa kwanza. Inakutupa wa tatu, kwa hiyo unajiona uko karibu. Kisha inakurudisha wa pili, halafu wa kwanza, ukingoni kabisa, ukitembea umbali mrefu zaidi wa safari yote huku kitovu kikiwa mbali. Ghafla wa nne. Ghafla wa saba, ambapo ungenyoosha mkono ungegusa katikati. Unajisemea, haya, nimefika. Wapi! Inakutoa tena mpaka wa sita, kisha wa tano, na ni kutoka huo wa tano, wakati umeshakata tamaa kidogo, ndipo unaingia katikati.

Tatu, mbili, moja, nne, saba, sita, tano. Huo ni muundo wa hadithi, na ni muundo mzuri kuliko wa riwaya nyingi nilizosoma mwaka huu. Unaahidi mapema, unanyima, unakaribisha, unanyima tena, halafu unatoa pale msomaji alipoacha kuomba. Tofauti ni kwamba hapa msomaji ni miguu.

Na kuna watu wengine ndani. Kwa sababu njia ni moja, anayeingia na anayetoka lazima wakutane uso kwa uso. Nani atampisha nani? Hakuna kibao kinachosema. Kila mara wawili wanaamua upya, kwa bega, kwa tabasamu, kwa kukanyaga laini kidogo halafu kurudi. Pia unaweza kutembea bega kwa bega na mtu usiyemjua, mkitenganishwa na unene wa brashi tu, kumbe kwa hesabu ya njia yeye yuko mbele yako kwa mizunguko mitatu. Sekunde kumi baadaye njia zimewatupa pande tofauti. Sijaona mchoro wa ukutani unaoweza kunifanyia hivyo.

Ndiyo maana sishawishiki na mizingile inayotazamwa tu. Mwaka 2013, reli ya chini ya ardhi ya London ilipotimiza miaka 150, msanii Mark Wallinger aliweka mzingile mmoja katika kila kituo, vituo 270, kila mmoja na mchoro wake, mweusi kwa mweupe, na alama nyekundu ya X pa kuanzia. Ni kazi safi na nadhifu. Wazo lake ni kwamba kila abiria yuko ndani ya mzingile wake wa kila siku, anaingia na kutoka alikoingilia. Wazo nimelipata. Lakini imebandikwa ukutani, unaifuata kwa kidole, tena ukiwa na haraka ya treni. Kidole hakichoki wala hakimpishi mtu.

Kosa hilohilo linarudi kwenye picha zinazopigwa kutoka angani. Mzingile ukipakwa bustanini siku hizi, jambo la kwanza ni kurusha droni. Picha inatoka poa sana: duara kamili, rangi inang'aa, na watu vitone vidogo. Inasambaa mitandaoni. Ila hiyo picha inaonyesha kitu ambacho hakuna mtembeaji anayekiona. Ukiwa ndani, unaona mita mbili mbele na kiatu chako. Ramani yote imefichwa na ukaribu wake. Mchoraji anayechorea droni ataweka maua, nyuso na nembo ya mfadhili katikati. Anayechorea miguu atahangaikia upana wa njia.

Historia ya sanaa hii inafundisha kwamba adui yake hakuwa mvua. Katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, kuna mzingile wa mawe sakafuni tangu karne ya 13. Upana wake ni kama mita 13, lakini njia iliyokunjwa humo ndani inapita mita 260. Fikiria hivyo: zaidi ya robo kilomita katika nafasi ya nyumba moja. Kwa siku nyingi za mwaka umefunikwa na viti. Reims nako kulikuwa na mzingile kanisani, ukang'olewa mwaka 1779, na inasimuliwa kwamba sababu ni watoto. Walikuwa wakiucheza, wanakimbia, wanapiga kelele wakati wa ibada, wakubwa wakachoka. Leo Ufaransa ikitaka kuonyesha kwamba jengo fulani ni urithi wa taifa, inabandika nembo, na nembo hiyo imetokana na mchoro wa mzingile wa Reims. Waliung'oa chini watoto wasiukanyage, kisha wakaupandisha ukutani uheshimiwe. Kwangu huo ndio uhakiki mfupi na mkali kuliko wote kuhusu jinsi mamlaka zinavyopenda sanaa: juu, pasipofikika.

Najua mtu atauliza: haya si mambo ya Wazungu? Makanisa ya Ufaransa, bustani za California, sisi tunatafuta nini humo? Swali ni halali, na jibu langu liko mashariki mwa Angola na ng'ambo ya mpaka, Kongo na Zambia, kwa Wachokwe. Wao wana sona, michoro ya mchangani. Fundi anasawazisha mchanga, anaweka vitone kwa ncha za vidole, halafu anapitisha kidole katikati ya vitone hivyo kwa mstari unaozunguka na kujikata, mara nyingi bila kuinua mkono, huku akisimulia hadithi. Vijana walifundishwa jandoni. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, alitumia miaka mingi kuonyesha hesabu iliyojaa humo. Sona si mzingile wa kutembea, sitaki kuchanganya. Lakini wazo la mstari mmoja usiokatika, uliochorwa chini, unaobeba hadithi na unaofutika kwa upepo, halihitaji pasipoti kuingia Afrika. Lilikuwepo.

Sasa turudi tao. Nairobi inajua rangi. Tunapaka mathree mpaka macho yanauma, tunapaka kuta za mtaa, na baada ya ghasia za uchaguzi msanii Solo7 alizunguka Kibera akiandika ujumbe wa amani kwa rangi nyeupe popote palipokuwa na nafasi. Tulichokosa si wachoraji. Sisi tumekosa ardhi ya kukanyaga. Bustani zetu zina historia ya kukaribia kuibwa mchana kweupe. Uhuru Park ingekuwa na jumba la ghorofa 60 kama Wangari Maathai hangepiga kelele mwaka 1989, akatukanwa, akaendelea. Jeevanjee ingekuwa imemezwa na majengo kama Zarina Patel, mjukuu wa aliyelipa jiji bustani hiyo, hangeongoza watu kuitetea mwaka 1991. Zilipona. Lakini kupona na kuwa zetu ni mambo mawili. Uhuru Park ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, na jiji zima likajifunza kutembea kando ya uzio wake.

Hata mahali palipo wazi, mwili wa kijana ukisimama bila sababu unatiliwa shaka. Sheria za nchi hii kuhusu uzururaji zilitoka kwa Waingereza. Wakoloni hao hao, kuanzia miaka ya 1920, walimfungia Mwafrika kipande shingoni ili kila hatua yake iwe na sababu iliyoandikwa. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi ina kifungu cha 182 kinachowahusu wale inaowaita wavivu na wakorofi. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za aina hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Maoni ni mazuri, ila kanjo hatembei nayo mfukoni. Muulize kijana yeyote wa mtaa aliyewahi kukaa kwenye ngazi za jengo kidogo tu, akisubiri jua lishuke. Swali ni lilelile: unafanya nini hapa?

Sasa ona mzingile unavyolijibu swali hilo. Ni kuzurura kulikochorwa. Unaingia mahali, unatembea mita mia kadhaa, unatoka palepale ulipoingilia, hujanunua wala hujauza kitu, hujafika kokote. Kwa kipimo cha kifungu cha 182 wewe ni mhalifu kamili. Lakini laini zile zimekupa shughuli. Unaonekana una jambo. Na wakati huohuo unatii mpaka ambao hakuna rungu nyuma yake, katika jiji ambalo mipaka karibu yote ina rungu. Hapo ndipo naona siasa ya rangi hii. Inakumbusha mwili kwamba kuna utaratibu wa kukubaliana, tofauti na utaratibu wa kuogopa.

Niliwahi kuona hilo kwa macho. Sisi majirani wanne tulichora mzingile wa mizunguko saba kwa chaki kwenye uwanja wa kuegesha magari katika ploti yetu, Jumapili asubuhi magari yakiwa yametoka. Mchoro ni rahisi. Unachora msalaba, unaweka pembe moja katika kila robo yake, na kitone katika kila kona. Kisha unaunganisha kwa upinde: kichwa cha msalaba na ncha ya kwanza iliyo kulia kwake, halafu ncha inayofuata ya kushoto na inayofuata ya kulia, upinde juu ya upinde mpaka ncha ziishe. Dakika arobaini, tukamaliza. Watoto waliingia kabla hatujaunyanyua mkono wa mwisho, wakikimbia, wakipishana kwa vifijo. Mama mmoja alitoka sokoni na mfuko wa sukuma wiki, akauzunguka wote na mfuko wake, akaenda zake bila neno. Soja wa geti akaja, uso umekunjamana: "Nyinyi, mnafanya nini hapo?" Msichana wa miaka kama saba akamjibu bila kusimama, "Soja, si tunatembea tu." Alikaa pale akitafakari jibu hilo. Halafu akatuuliza sisi wakubwa, kwa sauti ya chini, mlango wake uko wapi.

Kwa hiyo nikiulizwa nitauhukumu vipi mzingile wa bustani, rangi zake zitasubiri. Kwanza nitapima njia. Njia ya Chartres ina upana wa kama sentimita 34, na hapo kiti cha magurudumu hakiingii. Kiti hicho kinataka kama sentimita 90. Mzingile wa mizunguko saba unahitaji nafasi ya kama mara 16 ya upana wa njia, kwa hivyo njia ya sentimita 60 inakupa duara la takriban mita 10, na ya sentimita 90 inakupa mita 14 na kitu. Uwanja wa basketboli una upana wa mita 15. Unatosha! Mchoraji anayesema nafasi haikuruhusu anasema hakutaka. Pia nitaukanyaga siku ya mvua. Rangi laini juu ya saruji inateleza kama sabuni, na dawa yake ni mchanga safi uliochanganywa ndani ya rangi, jambo la bei ndogo ambalo hulioni kwenye picha ya droni.

Pili nitatafuta vibao. Bustani nyingi huweka kibao mlangoni mwa mzingile kikikwambia uvute pumzi, uache mizigo yako, utafakari. Mimi nakichukulia kama mwandishi anayesimama jukwaani kueleza shairi lake kabla hajalisoma. Kama njia imechorwa vizuri, itasema yenyewe. Na yule anayetaka kuikimbia kama mtoto wa Reims ana haki sawa na anayetaka kuitembea akilia.

Tatu, nitauliza ni nani ataurudishia rangi. Pale Lands End, San Francisco, juu ya mwamba unaotazama bahari, Eduardo Aguilera alipanga mzingile wa mawe mwaka 2004. Umevurugwa mara nyingi. Watu wanafika usiku na kutawanya mawe, na kila mara wengine wamerudi wakayapanga upya. Ukiniuliza kazi ya sanaa iko wapi hapo, nitakuonyesha wale waliorudi, mawe baadaye. Rangi ni hivyohivyo. Jua letu litaila. Mzingile unaopakwa mara moja na mfadhili, ukazinduliwa kwa hotuba na kuachwa ufifie, ni tangazo la biashara. Mzingile wa kweli una watu wanaojua ndoo imewekwa wapi.

Haya yote yana hatari moja ambayo siwezi kuifumbia macho. Mzingile unaweza kutumika kama pambo la kufunika kitu. Ni rahisi kupaka duara zuri ndani ya bustani iliyofungwa kwa uzio, ukaweka askari mlangoni anayechagua nani amevaa vizuri vya kutosha kuingia, kisha ukaita hiyo sanaa ya jamii. Laini za rangi ndani, waya nje. Kazi ya namna hiyo itakuwa imeshindwa hata ikichorwa na fundi bingwa, kwa sababu ukuta wa rangi una maana tu pale ambapo hakuna ukuta mwingine unaofanya kazi yake.

Kama ni mimi wa kuchagua, ningeanzia Jeevanjee. Pale wahubiri wanahubiri, wale wa Bunge la Mwananchi wanabishana, wachoka wa jiji wanalala kwenye nyasi na viatu vimewekwa chini ya kichwa. Ningechora kwenye sehemu ya saruji, njia ya sentimita 90, rangi moja nyeupe yenye mchanga, bila kibao na bila jina la mtu. Ningeuchora alfajiri, na mchana ningekaa kwenye benchi kusubiri kanjo wa kwanza afike kuuliza wale watu wanazunguka nini.